Tunaomba Mguu wa Lyle Sedlak Uchapishwe

Barabara ya Kinu,
Veseli Grove, Nebraska.
Jumatatu, 28 Oktoba 1974

Kwa Bwana Tesar, Mhariri wa gazeti la Tarishi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Bibi Tesar, na kwamba mtambo wako wa kuchapia umeacha kukwama. Mimi ni Ludmila Vondra, mjukuu wa mzee Emil Vondra. Nilimaliza shule mwezi wa tano. Huenda unanikumbuka: ni mimi niliyekuletea tangazo la mayai mwaka jana, nikaliacha mlangoni na kukimbia. Sijawahi kumwandikia mtu asiye wa ukoo wetu, kwa hiyo nikikosea adabu mahali fulani ujue ni kwa kutojua.

Nakuandikia kuhusu mguu.

Kwa usahihi zaidi ni mguu wa kulia wa Lyle Sedlak, mlinzi wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chetu, jezi namba ishirini na saba, kama ulivyokuwa kwenye alama ya yadi ya arobaini Jumamosi ya tarehe 12, na kama usivyoonekana kwenye ukurasa wako wa kwanza wa Alhamisi iliyofuata.

Yaliyotokea unayajua, kwa sababu ulikuwa umepiga goti pale pembeni na kamera yako. Lakini nitayaeleza tena ili mimi na wewe tusianze kubishana kama wengine. Wageni wetu, timu ya Harlan Valley, walikuwa wanaongoza kumi kwa saba, dakika nne zimebaki, na wamefika karibu kabisa na mstari wetu wa mwisho. Wakarusha pasi. Lyle akaruka mbele ya yule aliyetumiwa, akaudaka mpira usio wake, akaubana kwapani na kukimbia yadi tisini na nne hadi upande wa pili, akiambaa na mstari wa pembeni. Kwenye yadi ya arobaini alisukumwa, akayumba, na vumbi jeupe la chokaa likaruka. Kama aligusa ule mstari, mbio ziliishia hapo na tulishindwa. Kama hakugusa, tulishinda kumi na nne kwa kumi. Refa wa upande ule alikuwa chini, amelaliwa na mpiga tromboni wa bendi yetu aliyeshuka jukwaani kwa furaha, kwa hiyo alipoinuka alihesabu alichokiona, yaani Lyle akiwa amekwisha fika.

Mpiga filamu wa chuo naye alirukaruka. Filamu yake inaonyesha mawingu, kiatu chake mwenyewe, na nusu ya mkate wa soseji. Ushahidi uliobaki duniani ni picha yako, Bwana Tesar. Nayo umeikata kwenye kifundo cha mguu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chini ya kifundo hicho umeweka tangazo la karamu ya bata ya kikosi cha zimamoto. Sina neno na bata. Lakini mji mzima umekuwa ukiitazama picha ile kwa miwani ya kukuzia, na wote wanaishia kwenye maneno "Kabichi Chachu Bila Malipo". Mzee Orville Stuhr, jirani yetu na rafiki wa babu, aliinyanyua karatasi na kuchungulia nyuma yake. Babu alicheka, halafu usiku akiwa peke yake nikamwona naye anachungulia.

2. Babu na mzee Orville walikwenda kwa akina Sedlak kumuuliza Lyle mwenyewe. Wakati huo walikuwa bado wanapanda gari moja. Walimkuta anakamua ng'ombe. Babu anasema yule kijana aliendelea kukamua mpaka ng'ombe akamgeukia kumtazama, ndipo akajibu: "Wazee wangu, mimi niliona miti ya goli tu." Mzee Orville akasema hiyo inathibitisha kwamba hakugusa, maana mtu aliyegusa angejua. Babu akasema hiyo inathibitisha kwamba aligusa, maana mtu asiyegusa angesema. Wakarudi nyumbani, na Lyle sasa anakwenda darasani kwa kupitia shamba la watu.

3. Hili naliandika kwa aibu. Babu hana wa kumwigizia zile mbio isipokuwa mimi. Kila baada ya chakula cha mchana napewa kabichi niibane kwapani, kisha nikimbie mara mbili tatu kando ya kamba ya kuanikia nguo, ambayo ndiyo mstari. Mbwa wetu ni Harlan Valley. Nikifika kwenye mashuka lazima niyumbe. Mpaka leo nimekimbia mara thelathini na moja, na sijigambi nikisema mbwa hajanipata tangu Jumatano. Ijumaa bwana posta alisimamisha gari, akateremsha kioo, na kuniambia kwa upole, "Binti, hapo umegusa." Nilijifungia ndani hadi jioni.

4. Kanisani hali ni mbaya zaidi. Kwenye mnada wa kolache, vile vikate vitamu vya kujazwa matunda au jibini, kina mama walianza bila ubaya wowote: anayeamini Lyle aligusa achukue ya plamu, anayeamini hakugusa achukue ya jibini. Kufikia saa nne watu walikuwa wanakula kolache wasizozipenda, moja baada ya nyingine, kwa ajili ya kura tu. Mimi napenda ya tufaha. Nilipoichukua, mama mmoja wa kwaya aliniambia kwamba vuguvugu hutapikwa, imeandikwa. Padre amelazimika kutangaza kwamba mguu wa Lyle si jambo la kuungamia. Lakini alipoulizwa faragha yeye ana maoni gani alisema ni fumbo, na sasa pande zote mbili zinadai yuko kwao.

5. Hapa nakuomba ukae chini. Mzee Orville ndiye anayechora mistari ya uwanja ule. Amefanya hivyo kila Ijumaa kwa miaka ishirini na miwili, kwa toroli lake la chokaa, bila kamba, kwa jicho tu, na hilo ndilo jambo analojivunia kuliko kanali yeyote anavyojivunia vita. Wiki ya kwanza babu alisema Lyle aligusa. Wiki ya pili, alipoona plamu zinashindwa, alikwenda kwa kinyozi, akasubiri viti vyote vijae, na kusema: "Nakubali, mguu haukugusa mstari. Haukugusa kwa sababu mstari haukuwa mahali pake."

Akaeleza kwamba Orville alikwepa kichuguu cha fuko, na kwamba kwenye yadi ya arobaini mstari umetoka nje kama tumbo la diwani. Mzee Orville alikuwa ndiye aliyekaa kwenye kiti cha kunyolewa. Aliinuka na upande mmoja wa uso ukiwa bado una sabuni. Alimwambia babu kwamba mtu ambaye uzio wake umelala miaka mitatu hana ruhusa ya kutamka neno "wima" wala neno "nyoofu". Akatoka hivyo hivyo, na kwa siku mbili alionekana mjini akiwa na ndevu za upande mmoja, kwa sababu hakutaka kurudi pale ambapo amesemwa.

6. Mashine ya kuvunia mahindi ni ya mzee Orville. Mahindi ni ya babu, ekari sabini. Kila mwaka mzee Orville huleta mashine, babu humpa nguruwe wawili na kusaidia kwenye shamba lake, na bibi yangu alipokuwa hai aliwapikia supu ya maini. Haikuwahi kuandikwa popote. Mwaka huu shamba la mzee Orville limekwisha vunwa, mahindi yetu yamesimama. Nikipita pembeni nasikia majani yakikwaruzana, makavu kabisa. Redio inasema theluji haiko mbali, na mahindi yakilala chini ya theluji hayainuki.

Nimemwambia babu twende tukaombe. Anasema hatamwomba mtu anayechora tumbo. Nimefikiria kwenda mwenyewe. Nilifika hadi kwenye sanduku lake la barua, nikasimama, nikarudi. Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Tazama basi jinsi mambo yanavyofuatana, Bwana Tesar. Bila mguu hakuna hukumu. Bila hukumu hakuna mashine, na bila mashine hakuna mahindi. Bila mahindi hatutakuwa na nguruwe wala bata, kwa kuwa hao bata wa zimamoto ni wetu, wanakula mahindi yale yale. Mwakani kikosi hakitakuwa na karamu, na gazeti lako halitakuwa na tangazo. Utaona kwamba kwa kuweka tangazo juu ya mguu umeliua tangazo lenyewe.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, uichapishe picha nzima Alhamisi hii, mguu ukiwa na ukubwa wake wa kweli, na ikiwezekana pamoja na mstari, yadi tano kila upande, ili na suala la kichuguu limalizike.

Pili, kama kipande kile umekitupa, basi umwite Lyle Sedlak na viatu vyote viwili mbele ya padre na mpima ardhi wa wilaya. Mpima ardhi asiwe yule wa kanisa letu, maana amekwisha kula kolache nne za jibini.

Tatu, kama hilo nalo haliwezekani, naomba uchapishe mguu mwingine wowote. Nimelitafakari jambo hili kwa siku kadhaa na dhamiri yangu imelikubali. Mguu mmoja unafanana na mwingine. Uwe ndani ya mstari kwa nusu inchi, ili mzee Orville afurahi, na mstari uwe umepinda kidogo sana, ili babu afurahi. Kama utakosa mtu wa kupiga picha, mimi navaa kiatu kikubwa kuliko wasichana wote niliosoma nao, na kuyumba nimekwisha kuzoea. Kabichi nitakuja nayo. Ningeomba tu sura yangu isionekane.

Sikutaka kukusumbua. Najua una kazi nyingi na kwamba bata walilipia nafasi yao. Lakini wazee hawa wamekaa safu ile ile ya tatu uwanjani pale tangu kabla baba yangu hajazaliwa, na Jumamosi iliyopita kila mmoja alikaa mwisho wake wa benchi, katikati nikawa mimi na themosi ya kahawa. Walikuwa wananipitishia maneno. Mzee Orville aliniambia nimwambie babu kwamba leo mistari imechorwa kwa kamba, aridhike. Babu aliniambia nimjibu kwamba anaiona kamba lakini haoni unyoofu. Mimi siwezi kusema maneno kama hayo kwa sauti. Niliwamiminia kahawa wote wawili, nikasema kila mmoja amemsalimu mwenzake.

Nakusalimu wewe na Bibi Tesar, na yule binti wa mapokezi aliyeokota tangazo la mayai. Wasalimie kikosi cha zimamoto na uwaambie sina kinyongo. Msalimie padre. Bwana posta naye, ukimwona, umwambie kwamba sikugusa.

Wako kwa heshima na wasiwasi,
Ludmila Vondra

N.B. Alhamisi, tarehe 31. Barua hii nilikuwa nimeifunga tangu Jumatatu, ila nilikuwa naliogopa lile tundu la sanduku la posta. Nimeifungua kwa mvuke wa birika kwa sababu inanibidi kuongeza jambo.

Jumanne asubuhi mzee Orville alikuja na mashine. Hakusalimu. Aliisimamisha kwenye geti letu, injini ikinguruma, akasema, "Emil, toka nje uone mstari ulionyooka."

Babu alitoka na sapatu. Mzee Orville akaingia kwenye mahindi na kuvuna mstari wa kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kugeuza shingo, na babu akamfuata nyuma na vigingi viwili na uzi wa bibi wa kufumia. Wakaenda, wakarudi, wakaenda. Kufikia adhuhuri kulikuwa na magari kumi na moja kwenye uzio wetu uliolala, watu wamefumba jicho moja. Padre alileta darubini. Mtu alileta kolache za aina zote, nikapata ya tufaha na hakuna aliyesema kitu.

Jana jioni upande wa magharibi ulikuwa umekwisha, ekari arobaini, mahindi yote ghalani. Babu alichuchumaa mwanzo wa shamba, akatazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusali. Kisha akamwambia mzee Orville kwamba ni kazi nzuri, nzuri sana, isipokuwa pale katikati pamepinda kidogo, kama mtu aliyepiga chafya. Mzee Orville akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema kesho anaanza upande wa mashariki, na babu alete kamba ndefu zaidi. Halafu wakaingia ndani wakala supu ya maini, sahani tatu kila mmoja, wakisema wote kwa pamoja, na hakuna aliyenipitishia neno.

Kwa hiyo, Bwana Tesar, tafadhali usichapishe huo mguu. Kama uko mezani kwako, uutie kwenye jiko leo hii. Upande wa mashariki ni ekari thelathini, na redio inasema theluji itaanguka Jumapili.