Rosaline Anavuja

Jumatatu, 17 Machi 2025. Kibomet, Kitale.

Nimeamua. Mwaka huu shamba la mama mkwe kule Kamukuywa nitalilima mimi Wanyonyi, si Hillary. Ekari mbili. Kabla ya mvua. Kwa trekta yangu mwenyewe.

Trekta yangu inaitwa Rosaline. Jina hilo nililikuta limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye boneti, na Viola mke wangu ameniomba mara nyingi nilifute. Sifuti. Trekta ya mwaka wa sabini na nne ina heshima yake. Shida ni moja tu, tena ndogo. Anavuja dizeli. Si sana. Kikombe kimoja kwa saa. Haya, viwili.

Hillary ni mume wa Emmy, dada yake Viola. Anakaa Lugulu. Ana trekta ya juzi juzi, yenye kiti cha sponji na kivuli juu, na kila tukikutana ananiuliza kwa upole Rosaline anaendeleaje. Huo upole ndio unaoniuma.

Mwaka jana pia niliahidi. Rosaline akazimika Kiminini, nusu ya safari. Viola na mama yake wakalima kwa jembe wiki mbili, mvua ikiwanyeshea. Leo asubuhi Viola amefunga nguo zake akaenda kumsaidia mama kusafisha shamba. Akasema pale mlangoni, bila hasira hata kidogo, kwamba mama yake akishika jembe tena mwaka huu, naye atashika la kwake, na hatarudi Kibomet mpaka wavune. Mpaka wavune! Hiyo ni Septemba, bana.

Nyumba imenyamaza vibaya. Nimeanza kazi mara moja. Nimenunua mche mzima wa sabuni.

Jumanne, 18 Machi.

Ushindi! Nimekanda sabuni mpaka ikalainika, nikaibandika chini ya tangi lote, maana ndipo matone yanapoangukia. Dakika kumi, hakuna tone. Nikampigia Hillary nikamwambia asijisumbue kuja kulima kwa mama Jumamosi. Akasema atakuja tu, tena atabeba dizeli ya ziada, labda mtu akapungukiwa. Mtu! Si angetaja jina tu.

Halafu nikaona si vizuri Rosaline aende ukweni na tope. Nikamwosha. Ndoo ya nne ndipo nikakumbuka maji na sabuni hufanyiana nini. Povu likajaa mpaka kwenye magurudumu. Jirani yangu Mzee Muhdhar akachungulia juu ya ua akauliza kama nafua.

Nikamwaga ndoo ya tano.

Alhamisi, 20 Machi. Kamukuywa!

Nimefika! Naandika nikiwa kwenye lango la mama mkwe. Sawa, Rosaline amezimika hapa hapa langoni na amekataa kuwaka, lakini Kiminini tuliipita. Niliwapungia mkono watu wote wa Kiminini.

Mpango wa leo ulikuwa wa akili. Nilifunga tangi kwa vipande vya tyubu, halafu nikaning'iniza debe kwa waya chini ya matone. Dizeli inaanguka kwenye debe, nasimama, nairudisha kwenye tangi, naendelea. Haipotei, inazunguka tu. Sijui kwa nini watengenezaji hawakuwaza jambo hili.

Matuta ndiyo yalinimaliza. Debe lilinimwagikia suruali yote. Viola amekuja langoni, akanusa, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Amesema afadhali nimefika. Nimeona kama alitaka kutabasamu, akajizuia.

Mawingu yamesimama upande wa Mlima Elgon. Meusi.

Ijumaa, 21 Machi.

Siku mbaya. Nimeshinda chini ya Rosaline.

Saa nne suruali imeshika kwenye plau ikararuka nyuma, kote. Wakati huo huo nikasikia sauti ya mama mkwe anapita kwenda kuteka maji. Sasa kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso, wala hawapeani mkono. Uso tu ni mwiko, sembuse nilichokuwa naonyesha mimi! Nimebaki pale chini, mgongo kwenye udongo, dizeli ikinidondokea sikioni. Mama hana haraka na maji. Alirudi mara tatu.

Baadaye Viola ameleta sahani ya unga wa ngano na kitambaa kikavu, vimetoka kwa mama. Alipoanza kunieleza nikamwambia nimeelewa, amshukuru mama sana, na chapati mbili zinanitosha.  Viola ameweka sahani juu ya gurudumu akaenda zake.

Nimengoja chapati mpaka saa kumi. Hakuna kilichokuja. Nimeanza kuogopa, nasema kweli. Hillary anafika kesho mchana. Nimemwona Viola nyuma ya jikoni ananoa jembe. Majembe mawili.

Jumamosi, 22 Machi.

Ngoja niandike polepole, nisiruke kitu.

Alfajiri Viola amekuja na jembe begani. Amesema leo nitasikiliza mpaka mwisho, hata kama nimeelewa. Kumbe marehemu baba mkwe aliendesha trekta ya chama cha ushirika miaka ishirini, na aliyekuwa akimshikia spana ni mama! Miaka kumi nimeoa hapa sijawahi kuambiwa. Viola anasema niliambiwa siku ya harusi. Nilikuwa nikiongea.

Basi mama akasimama nyuma ya ukuta wa jikoni, asinione nisimwone, akawa anazungumza na Viola kwa sauti ya kunifikia mimi. Alisema Rosaline akaushwe kwa kitambaa, paipu zote zinyunyizwe unga, koki ifunguliwe, kisha tutazame unga unalowa wapi kwanza. Unga ulikuwa wa hiyo kazi!

Haukulowa kwenye tangi. Tangi zima kabisa, halina hata ufa. Ulilowa mbele, kwenye bolti ya filta, na dizeli ikatambaa na paipu mpaka chini ya tangi ndipo ikadondoka. Siku tano nimekuwa nikitibu mahali pazima.

Mama akasema nifungue hiyo bolti, nitoe washa, kile kipete cha shaba kinachokaa chini yake. Kilikuwa kimekuwa kigumu, hakibani tena. Akasema kichomwe kwenye jiko mpaka kiwe chekundu, kitumbukizwe majini, kitalainika na kushika upya. Viola akakichoma. Nikakirudisha. Akasema sasa tutoe hewa iliyoingia kwenye paipu, ndiyo inayomzima. Nikalegeza skrubu ya filta, nikapiga pampu ya mkono, mapovu yakatoka na kutoka, hatimaye dizeli tupu. Nikakaza.

Rosaline akawaka mara ya kwanza! Hakuna hata tone. Nikapiga kelele, nikasahau suruali, nikakimbia kuzunguka trekta. Mama alicheka kule nyuma ya ukuta mpaka akakohoa.

Nimelima kama mtu anayefukuzwa. Saa saba Hillary amefika na kivuli chake akakuta ekari moja na nusu imegeuzwa, nyeusi, inang'aa. Ameshuka, akainama kutazama chini ya Rosaline. Pakavu. Kwa mara ya kwanza hakuuliza chochote. Nimemalizia kipande cha mwisho matone ya mvua yakianza, mvua halisi, ya Mungu. Viola amesimama mwisho wa shamba akinyeshewa, jembe limelala chini, anacheka. Macho yangu yalilowa. Nimemwambia ni moshi.

Jioni kuku amechinjwa. Firigisi, kipande cha mgeni wa heshima, imeletwa kwenye kisahani chake, ikapita mbele ya Hillary, ikawekwa mbele yangu. Nimeitafuna taratibu sana, nikimtazama.

Jumatatu, 24 Machi. Kibomet.

Viola yuko nyumbani, anaimba jikoni. Mama ameninunulia washa tatu mpya za akiba. Nimezifunga kwenye ufunguo wa Rosaline, zinapendeza.

Mchana huu Hillary amepiga simu. Ati trekta yake nayo imeanza kudondosha dizeli, na angependa kujua nilifanyaje. Kwa upole! Lakini upole wa leo ni mtamu. Nimemwambia asiguse kitu, fundi anakuja kesho.

Nimekaa nikafikiria jambo hili kwa makini. Maneno ya mama mkwe nayaheshimu, na kipete kilichangia, sikatai. Ila ile sabuni ya Jumanne haikuoshwa yote, nina hakika. Itakuwa ilipenya ndani, ikapanda na paipu, ikaziba. Viola ameuliza kwa nini nabeba sabuni Lugulu. Nimemwambia ni ya kunawa.

Nimenunua miche mitatu. Trekta ya Hillary ni kubwa.