Injini Katikati, Mke Safarini

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Atarudi Jumapili. Nilimsindikiza stendi nikimbebea begi, uso umejaa huzuni. Ilikuwa huzuni ya kweli, hadi basi lilipokata kona. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Wiki nzima! Gari langu la mbio limesubiri miaka chini ya turubai nyuma ya nyumba. Kiunzi nimekichomelea kutokana na mageti mabovu. Bodi ni ya mabati ya mabango, maana kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka, na wenye maduka wakifunga biashara huniachia bati. Mlango wa kushoto unasema MAJI BARIDI. Ubavu wa kulia unasema TUNANG'OA MENO. Rangi itafunika. Limekaa chini mno. Ukiwa ndani unaona magoti ya watu tu. Zuri ajabu.

Limekosa kitu kimoja. Injini.

Na injini ipo. Imo kwenye gari dogo la mgongo wa kobe ambalo mke wangu aliachiwa na marehemu baba yake, na ambalo hulitumia kusambaza sare anazoshona. Baba mkwe alilipenda gari hilo kuliko alivyonipenda mimi, na sikumlaumu. Kasoro yake, injini imekaa mkiani kabisa. Magari ya mbio ya kweli injini hukaa katikati, nyuma ya mgongo wa dereva, mbele ya magurudumu ya nyuma. Unaisikia ikipumua shingoni.

Siibi. Naazima. Tulipokuwa wachumba nilimchorea mke wangu gari hili kwa kidole, kwenye vumbi la kioo cha gari hilohilo la baba yake. Akaniambia siku nikilimaliza yeye ndiye atakuwa wa kwanza kupanda. Hajalitaja tena tangu siku ile. Mimi sijasahau hata siku moja. Jumapili nitampokea stendi nalo, na atapanda.

Jumanne, 5 Agosti

Nahitaji jeki. Mwenye jeki ni Fundi Spana, gereji ya ng'ambo ya barabara. Hatupikiki chungu kimoja tangu nilipomwandikia bango lake. Nilichora spana safi kabisa. Yeye anadai ni samaki. Eti kuna mteja aliingia kuulizia kilo.

Nikimwambia ukweli atacheka. Kwa hiyo akili kichwani. Nilimwambia kitanda cha mama mkwe kinayumba. Mama mkwe anaishi nasi na mtaa mzima unamheshimu. Nilitarajia Fundi Spana anipe jeki niende zangu. Akaja nayo mwenyewe! Akapiga hodi, akaamkia, akainama kukagua kitanda. Mama mkwe alimtazama, akanitazama mimi kwa muda, akasema ni kweli baba, kinayumba. Kitanda kikanyanyuliwa, kikawekewa kibao mguuni, chai ikanywewa, jeki ikarudi gereji.

Kitanda kilikuwa hakiyumbi. Sasa kinayumba.

Penye nia pana njia. Niliinua mkia wa gari la marehemu juu ya matofali kwa gogo, nikatandika godoro letu chini, nikafungua bolti moja baada ya nyingine. Puu! Injini na giaboksi yake, salama salimini. Godoro hali yake mbaya. Nitalala kwenye kochi, na sijali.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Kumbe mke wangu aliacha maagizo! Kila asubuhi gari liwashwe, lipashwe moto, na mama mkwe ahakikishe. Macho yake siku hizi yana ukungu, lakini masikio yake yangefaa polisi. Wakati wa chai aliniita. Mwanangu, gari la marehemu mbona kimya?

Nikajibu ndiyo naliendea. Nikapita nyuma ya nyumba, nikaingiza kichwa kwenye pipa tupu, nikanguruma. Nilianza kwa kukohoa, maana gari lile huanza kwa kukohoa, kisha nikatulia kwenye mlio wa chini. Halafu nikajisahau. Mle pipani mlikuwa na giza na mwangwi, na baada ya muda nikaona barabara. Ndefu, nyeusi, imelowa mvua, na mistari myeupe inakuja, inapita, inakuja. Mke wangu kando yangu, kitambaa chake kinapepea. Niliingia kona moja nzuri sana.

Nilipotoa kichwa sauti ilikuwa imekauka. Mama mkwe akasema gari lina mafua, na kwamba marehemu angelikanda kwa maji ya moto.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya ubingwa wangu. Niandike taratibu, nisisahau.

Injini ilipaswa kukaa mbele ya magurudumu, lakini imeumbwa kukaa nyuma yake. Nimekaa kwenye ndoo nikilitazama tatizo hili hadi kivuli cha ukuta kikanifikia miguuni. Kisha nikaona! Kitu kikiwa nyuma, kigeuze, kitakuwa mbele. Basi. Mtoto wa chekechea angejua. Nimegeuza injini na giaboksi yake kwa pamoja, nikafunga, na imekaa katikati kana kwamba ilizaliwa humo. Najiuliza kwa nini viwanda vinaajiri watu wengi hivyo.

Imewaka! Imekohoa, ikatulia. Kutoka barazani mama mkwe akasema limepona. Nililala ndani ya gari langu hadi magharibi injini ikiunguruma nyuma ya kichwa changu. Kupitia tundu la paa niliona wingu moja likipita polepole. Nilikuwa na furaha ambayo haina kazi ya kufanya.

Jumamosi, 9 Agosti

Majaribio. Nilivaa koti la harusi. Habari zilikuwa zimevuja, mtaa umejipanga. Fundi Spana alileta kiti, akakaa mbele ya gereji yake, akakunja nne.

Klachi. Gia ya kwanza. Nikaachia kwa upole.

Gari likaenda nyuma.

Watu wakapiga makofi wakidhani ni madoido. Nikajua nimekosea gia. Nikaweka ya pili. Nyuma, kwa kasi zaidi! Ya tatu sikuwa na sababu yoyote ya kuijaribu, ila nakiri lilikuwa linakwenda vizuri mno. Upepo ulinipiga kisogoni. Nikasikia kishindo. Bango la Fundi Spana lililala juu ya paa la gari langu, samaki juu. Spana juu.

Fundi Spana hakugomba. Alijilaza chini ya gari, kisha tukaona miguu yake ikitikisika. Alikuwa anacheka. Alitoka machozi yakimtiririka, akawatangazia watu wote kwamba msanii kageuza giaboksi, kwa hiyo magurudumu yanazunguka kinyume. Nina gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele, ile ambayo kwa binadamu wengine ni rivasi. Akasema mle ndani kuna gurudumu kubwa la meno, likihamishiwa upande wa pili mambo yote yatanyooka. Kazi ya asubuhi moja, atanifanyia kwa moyo mmoja.

Nikakataa. Namjua. Kesho lingeitwa gari la Fundi Spana. Nikamwambia nimekusudia hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Gia moja ya mbele inatosha. Safari ni safari.

Nilitoka mapema kwenda stendi. Rivasi ina mlio wa kulia na mwendo wa maiti. Bata walinipita. Mzee mwenye fimbo alitembea nami dirishani kipande kirefu, akiniulizia bei ya kung'oa jino, kisha akaaga akatangulia. Basi liliingia mimi niko nusu ya njia. Nikamwona mke wangu anakuja kwa mguu, begi kichwani.

Alisimama kabla hajaniona. Alikuwa amesikia. Akasema polepole, hiyo ni sauti ya gari la baba.

Nilishuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilipotea yote. Niliogopa, niseme kweli; niliogopa kuliko siku niliyokwenda kuposa. Alizunguka gari. Akasoma mlango wa kushoto, akasoma ubavu wa kulia. Akapitisha kidole kwenye vumbi la kioo, akakitazama kidole. Kisha akaniuliza kama mlango unafunguka.

Akapanda! Miguu yake ilinyooka mbele, begi mapajani. Tulikwenda. Injini ilitupasha migongo. Aliwaamkia watu wote njiani, na kwa mwendo ule walipata nafasi ya kuitikia na kuulizia mtoto. Baadaye kichwa chake kiliangukia begani kwangu. Basi lilikuwa limemchosha, akalala. Kama ingekuwepo gia ya polepole zaidi ningeiweka. Sikutaka nyumba ifike.

Ilifika. Akaamka, akashuka, akasema amefurahi, hasemi uongo, amefurahi sana. Kisha akasema, "Sasa mrudishie baba gari lake." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Mama mkwe akaongeza kutoka barazani kwamba tangu Jumatano alijua mafua yale ni ya kwenye pipa.

Nikaapa kuirudisha injini na kutoigusa tena. Kwa dhati.

Alhamisi, 14 Agosti

Gari la marehemu limerudi lilivyokuwa. Fundi Spana alisaidia, jeki na yote, bila kuombwa. Mimi nimemwandikia bango jipya. Amelitazama kwa muda mrefu akasema huyu samaki ni mnene kuliko yule wa kwanza.

Mke wangu kapeleka sare zake. Nilisimama mlangoni nikisikiliza injini ikiondoka, mkiani, mahali pasipostahili.

Jumapili, 17 Agosti

Jioni nilikuta mito miwili ya kitambaa chekundu ndani ya gari langu. Ameishona yeye, kimyakimya. Akaja na vikombe vya chai, akaingia, akaketi. Akasema tuwe tunakaa humu jioni, wawili tu, halina injini na ndiyo raha yake, halitupeleki popote. Tuliutazama ukuta wa jirani hadi ukaanza kufifia. Mimi niliona barabara. Nilimuuliza yeye anaona nini, akasema anaona mtu ambaye chai inampoa.

Nilikaribia kumwambia kwamba sihitaji kingine duniani. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Ndipo akasema mwezi ujao anakwenda tena kwa dada yake, wiki nzima, na atapanda basi, maana gari la baba halifai safari ndefu. Nikasema pole.

Nimelitafakari sana kosa langu, nami si mtu wa kurudia makosa. Gari lilikuwa na gia nne nzuri kabisa. Kilichotazama kusikofaa ni viti. Alipoingia ndani ya nyumba nimevifungua nikavigeuza, na mito imekaa vizuri zaidi upande huu.

Godoro jipya limeletwa jana. Nene, imara. Litafaa.