Kiti cha Mbele na Matofali ya Mama Mkwe

Kindu, Jumapili, 7 Julai 1957

Mkutano wa wanafunzi wa zamani, baada ya misa. Padri Mkubwa alisema shule yetu haina chumba cha sayansi, na sisi tuliolelewa pale ndio wa kukijenga. Kitabarikiwa sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, mwezi wa tisa. Askofu atakuwepo. Watakaotoa sana watawekewa viti vya mbele. Wengine mabenchi.

Zéphirin aliinuka. Muuguzi wa dispensari, shati jeupe, sauti ya upole. Alisema atatoa madirisha. Yote! Makofi.

Miaka sita darasani nilikaa nyuma ya Zéphirin. Ubao sikuuona vizuri, kisogo chake nakijua mpaka leo. Na sasa nikitazame tena mbele ya Askofu? Mimi Florentin, karani wa magazini ya bidhaa, mwenye saa ya mkononi? Haiwezekani! Niliinuka. Nikasema kuta ni zangu, tanuru nzima ya matofali ya kuchoma. Makofi yalizidi ya kwake, nilisikia vizuri.

Nyumbani, Adolphine mke wangu aliuliza udongo utakandwa na nani. Wanawake hawana imani.

Jumamosi, 13 Julai

Udongo ulikandwa na mimi. Wiki nzima, kila nikitoka kazini. Mgongo umekufa.

Leo asubuhi mbuzi wa jirani yangu Kasimu wamepita juu ya matofali mabichi. Yana nyayo kama barabara ya sokoni. Yaliyosalimika yanamomonyoka ukiyashika. Kasimu alikuja kunipa pole. Alisema huu ni mchanga, si udongo, yeye hata choo asingejengea. Kisha akauliza kama mbuzi wake hawakuumia miguu. Mungu nipe subira!

Jioni Zéphirin akapita na seremala wake. Alinisalimu kwa adabu. Adabu yake ndiyo inayoniua.

Jumatano, 17 Julai

Wazo! Mama Philomène, mama mkwe wangu, ana tanuru iliyokwisha kuchomwa, ng'ambo ya mto, Alunguli. Ni mjane, anataka kujenga nyumba ya kuzeekea. Lakini nyumba inaweza kungoja. Sikukuu haingoji.

Tatizo ni moja. Mkwe ni mkwe. Mtu hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye ana kwa ana, hakai naye pamoja. Tangu nioe, kivuli chake tu ndicho nilichokiona. Nilimwomba Adolphine aende badala yangu. Alisema hatamvunjia mama yake nyumba ili mimi nipate kiti.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nitakwenda mwenyewe.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekwenda. Nilisimama nje ya ua, nimegeuza mgongo. Yeye ndani. Katikati yetu, kinu cha kutwangia mpunga. Nikasema na kinu, kama adabu inavyotaka.

“Ee kinu, ambia Mama, mukwe wake iko na shida ya matofali. Ni ya kujenga nyumba ya Mungu.”

Kuku akapita. Jasho likanitoka.

“Kinu, ambia ule mutu abebe yote. Kama njo ya Mungu, nyumba yangu itangoja.”

Hivyo tu! Bila swali hata moja! Nilitokwa machozi, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma. Nilikiahidi kinu kwamba sitasahau. Kisha nikakimbilia mitumbwi, asije akabadili mawazo.

Jumanne, 30 Julai

Matofali yamevuka mto. Mekundu, ukiyagonga yanalia kama kengele. Zéphirin aliyasifu. Nilimwambia si kitu.

Padri Mkubwa akauliza nimeyapata wapi. Kumdanganya siwezi, kila Jumamosi ananiungamisha. Kumwambia kweli, kiti kinapotea. Nikajibu: Padri, yametoka katika familia yangu. Akili hiyo! Akauliza mkubwa wa familia ni nani. Nikamtaja Mama Philomène, kwa heshima tu. Alifurahi kupita kiasi, akasema hakuna kinachompendeza kama familia ya Kikristo iliyo pamoja. Mzee wa watu, miaka yote hii Kindu na bado hajui mambo yetu.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Chumba kipya, kimejaa hadi mlangoni. Mbele viti viwili vya mito myekundu. Kimoja changu. Zéphirin benchi la pili, nyuma yangu! Nilinyoosha shingo ili kisogo kionekane vizuri. Kiti cha pili nilidhani ni cha mkuu wa wilaya.

Wimbo ukaanza. Askofu akaingia. Nyuma yake Padri Mkubwa, anacheka kwa furaha, amemshika mkono mama mmoja wa kitambaa kipya, anamleta moja kwa moja kwenye kiti cha pili. Mama Philomène! Goti kwa goti na mimi!

Watu wote waliguna. Yeye akajifunika uso. Mimi nikaruka. Mlangoni watu, njia hakuna. Basi nani alifungua dirisha? Zéphirin! Akaninong'oneza: “Pita huku, ndugu.” Akanishika mguu, akaniinua. Suruali ikanasa kwenye komeo, ikachanika toka kiunoni, nami nikaangukia shimo la chokaa. Hivyo ndivyo Zéphirin alivyokitazama kisogo changu, tena si kisogo peke yake.

Baraka niliisikia kutoka nje, pamoja na mbuzi. Kisha nikalisoma jiwe lililo ukutani: MAMA PHILOMÈNE NA FAMILIA YAKE.

Familia yake ni mimi. Zéphirin alinipaka dawa bure. Kwa adabu!

Jumapili, 15 Septemba

Asubuhi na mapema nilipeleka kuku wa kuosha aibu, nikamkabidhi kwa kinu. Kinu kikajibiwa kwamba Mama amesamehe, na kwamba Padri Mkubwa ameahidi kumjengea nyumba. Alikuwa anacheka, nilimsikia. Nimeona haya. Nikaapa nimekoma, kuanzia leo mimi ni mtu wa mabenchi.

Kisha, baada ya misa, mkutano. Padri anataka bweni. Zéphirin akatoa vitanda. Vyote! Makofi.

Nikainuka. Mdomo ulitangulia. Nimeahidi mabati ya paa zima.

Mabati ninayo wapi? Mama mdogo wa Adolphine amenunua mapya, yako kwake, kule Tunda. Naye ni mkwe vilevile, najua. Lakini mtu hujifunza. Safari hii kiti changu nitakichagua mwenyewe, karibu na dirisha.