Macho Mapya ya Jemedari

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Barua ya ukaguzi imefika. Jemedari anatakiwa kituoni Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Jemedari ni gari langu. Ana umri wa kuoa na kuacha. Injini safi, breki safi, honi inasikika hata kwa wasiotaka kuisikia. Shida ni taa za mbele tu. Vioo vimepauka, balbu zimechoka. Juzi magharibi nilisimama kumpisha mama mmoja avuke barabara. Nilingoja sana. Lilikuwa pipa.

Shemeji, kaka wa mke wangu, aliisoma barua kabla yangu. Ana gari jipya linalojiwashia taa lenyewe, na haipiti siku hajatukumbusha. Akasema Jemedari ni kipofu, apelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamgeukia mke wangu anitetee. Akasema sawa: akipita Ijumaa anabaki, akianguka anauzwa Jumamosi. Wakapeana mikono. Juu ya gari langu!

Fundi umeme wa pale kona ameniambia nimpelekee, kazi ya nusu saa. Nusu saa! Nimpe mtu mwingine sifa zangu kwa nusu saa? Nitafanya mwenyewe.

Jioni nimesugua vioo kwa dawa ya meno. Tyubu mbili nzima. Vinang'aa ajabu. Watoto wamelala bila kupiga mswaki na wamenishangilia. Ushindi wa kwanza.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Nimenunua balbu mbili mpya. Muuzaji alinionya nisiguse kioo cha balbu kwa vidole, eti mafuta ya mkono huipasua ikishapata moto. Nikamwambia mimi si mtoto.

Nikaenda nyumbani, nikala mkate na siagi, nikafunga balbu ya kwanza. Ikawaka vizuri sana. Nikaita watu waje kuona. Walipofika tu, pa!

Shemeji alikuwapo. Yeye huwapo siku zote. Akauliza kama hizo ndizo fataki za kumuaga Jemedari. Nikamjibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikarudi dukani. Muuzaji alinipa nyingine. Alivitazama vidole vyangu, basi.

Safari hii nimevaa glavu za jikoni za mke wangu. Balbu zote mbili zinawaka! Mke wangu anauliza kwa nini glavu zake zina grisi. Watu wengine wakiona mwanga wanatafuta doa.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Siku ya kulenga taa. Taa ikitazama juu inawapofusha wenzako, ikitazama chini huoni mbele. Nimemweka Jemedari mbele ya ukuta wa stoo, hatua kumi. Nimepima kwa kamba, nikachora misalaba miwili ukutani kwa rangi ya mdomo ya mke wangu. (Sikuwa na chaki. Nimeshaeleza. Hajaelewa.)

Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma. Tangu ahamie kwetu, kila jioni huketi humo, mlango wazi, redio yake mapajani. Ni mama mwenye mwili, Mungu amzidishie. Jemedari akimpokea hushusha pumzi. Shemeji alisema mama yake ashuke kwanza. Nikakataa katakata. Nimshushe mama mkwe kwa ajili ya bisibisi? Mimi nimelelewa!

Mwanga ulikuwa juu mno, unamulika mabati. Nikazungusha skrubu za nyuma ya taa. Zunguka, zunguka, zunguka. Mwanga ukashuka ukatua juu ya misalaba, sawasawa kabisa. Mama mkwe akapiga kofi moja. Nimelala kama mfalme.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Balaa.

Magharibi nilimtoa Jemedari peke yangu kumjaribu. Mwanga wote uko chini ya bampa! Niliona sisimizi mmoja mmoja. Barabara sikuiona.

Niliporudi, Shemeji alikuwa getini pamoja na fundi umeme, ambaye eti alikuwa anapita tu. Shemeji akauliza Jemedari amedondosha kifungo gani anachokitafuta. Fundi akauliza nani alikuwa amekaa nyuma nilipolenga. Nikainama kukagua tairi. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kigoda akilingoja gari lake, akaanza kukagua redio yake. Fundi akaeleza taratibu: nyuma ikilemewa, pua hupanda, ukizishusha taa wakati huo, mzigo ukitoka zinatazama ardhi. Nilenge upya kiti kikiwa kitupu. Robo saa tu.

Nikamshukuru kwa ubaridi. Gari langu nafundishwa mimi? Isitoshe mama mkwe alikuwa ameshaingia na kuwasha redio.

Hapo wazo likanijia. Wazo la kishujaa! Taa hazina kosa. Zinangoja abiria wao. Sitarekebisha taa, nitarekebisha abiria.

Nikamwendea mama mkwe kwa adabu zote. Nikamwambia pale kituo cha ukaguzi kuna upepo mzuri sana asubuhi. Akapunguza sauti ya redio. Akasema saa moja atakuwa amevaa viatu.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

AMEPITA!

Niandike kwa utaratibu.

Tulifika saa mbili kasorobo. Shemeji alishafika, na kwa roho yake ilivyo nzuri, alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi akaanza kumgongagonga Jemedari ubavuni kama anachagua tikiti maji. Breki, zimepita. Honi, mkaguzi aliruka, imepita. Kisha mashine ya kupimia taa ikasogezwa, na mkaguzi akasema wote tushuke.

Mimi nikashuka. Mama mkwe hakusogea.

"Mwanangu," akamwambia mkaguzi, "magoti haya nimeyabembeleza tangu alfajiri mpaka yakakubali kuingia humu. Ukiyashusha, wewe ndiye utakayeyapandisha."

Mkaguzi akamtazama. Akaitazama mikono yake mwenyewe, myembamba. Akasema aendelee kukaa, mama. Mwanga ukatua katikati ya alama! Muhuri ukapigwa, nikausikia hadi tumboni. Nikaipeperusha karatasi mbele ya pua ya Shemeji, mara mbili, ya pili ilikuwa kwa niaba ya Jemedari.

Njiani mama mkwe akasema yeye si kiziwi, alimsikia fundi jana. Upepo wa kituoni nimdanganye mwingine. Amekuja kwa sababu zake mwenyewe. Tangu baba mkwe afariki, nyumba yetu ina watu wema lakini ina kelele, na kiti kile ndipo mahali pekee anapoweza kumkumbuka mumewe bila mtu kumuuliza anawaza nini. Gari likiuzwa, akakae wapi?

Machozi yalinilenga. Nikapiga honi.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Shangwe inaendelea. Nimeibandika karatasi ya ukaguzi sebuleni, kwenye fremu iliyokuwa na picha ya harusi ya Shemeji.

Jambo dogo tu. Kesho kutwa mama mkwe anakwenda kwa binti yake mkubwa, wiki tatu. Mke wangu anasema nimpeleke Jemedari kwa fundi alegeze skrubu, robo saa. Fundi naye amesimama getini kusema hivyohivyo. Hata mama mkwe amesema. Wamenionea wivu wote!

Skrubu haiguswi. Mshindi habadilishi timu. Nitaweka viroba vya mchanga kiti cha nyuma, nivifunge mkanda, na Jemedari hatajua tofauti. Kinachokosekana ni hesabu moja: viroba vingapi vinatoshana na mama mkwe mmoja? Na uzito wa mama mkwe hauulizwi hivihivi. Mimi nimelelewa.

Ndiyo maana nimeazima mizani bapa ya muuza mkaa. Nimeifunika kwa zulia jipya, nikaiweka mlangoni pa chumba cha mama mkwe.