Kituo cha Mwanga Unaofifia, Migwani

Mheshimiwa Chifu na manaibu wako wote, wachungaji mlioniombea, mwenyekiti wa soko, mwenyekiti wa wenyeviti, akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi ya pamoja, mliochimba hapa bure kwa majembe yenu wenyewe, stakeholders kutoka Mwingi, na ndugu zetu wa Kikima mliofika bila kualikwa lakini tukawapatia soda, itifaki ikizingatiwa, hamjambo? (Mtu anakohoa.)

Mimi ni Mhandisi Kimeu, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Mabaki ya Mwanga wa Angani, na huu ni mwaka wa tatu tangu nizindue Kituo cha Darubini, wazo ambalo mimi binafsi, kwa unyenyekevu unaojulikana hadi Nairobi, nililipata nikiwa ziara ya benchmarking ng'ambo. (Makofi kutoka jukwaani.) Kwa faida ya wale hawakusoma: nyota kubwa ikifa, inaweza kulipuka na kutoa miale ya gama kwa sekunde chache, halafu kinabaki kimwanga. Siku ya kumi kimwanga hicho hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya kile cha siku ya kwanza, na mwishowe ni mawimbi ya redio tu yanabaki, miezi na miezi, yakififia polepole. Sasa, mama zangu, kama nyota yenyewe inafifia hivyo, ni nani aliwaambia mradi wetu utang'aa miaka mitatu? (Kicheko, si cha kumfurahisha.) Kulingana na timeline, tumefifia kwa asilimia tisini na saba, na tuko mbele ya ratiba.

Nimeletewa malalamiko ya Mama Mbithe, yule amesimama pale na jembe. Anasema aling'oa ndengu zikiwa na maua ili mwethya wachimbe msingi kwa shamba lake, kwamba shimo limebaki shimo, kwamba misimu sita amelisha watoto kwa shamba la kaka yake, ambaye sasa amechoka naye, na mvua ni wiki ijayo. Mama, nimekusikia. Kamati imekusikia. Lakini huwezi kupanda ndengu kwa site kabla ya public participation ya kuamua site iko wapi.

(Mbithe: "Mheshimiwa, wewe ongea tu. Sisi tunafukia.")

(Akina mama wanaanza kurudisha udongo shimoni.)

Naona mwethya wameanza kazi, na huo ndio moyo wa maendeleo ninaousema kila siku... Hiyo ni simiti mnaweka? Ni udongo? Hapana, Chifu, usiwazuie. Waache. Waache kabisa.

Sayansi! (Sauti ya majembe tu.) Sayansi mashinani! (Majembe.) Kimwanga juu, juu zaidi! (Majembe.)

Namalizia kwa shukrani za dhati. Kuna wageni wanakuja Ijumaa kukagua kituo, na nimekosa usingizi wiki mbili, kwa sababu darubini hatukuwahi kuagiza, mchoro haukuwahi kuchorwa, barua hata moja haikuandikwa, na kitu pekee duniani kilichoonyesha kwamba niliwahi kuahidi chochote hapa ni hilo shimo. Asante, Mama Mbithe. Asanteni, mwethya. Fukieni vizuri.

(Majembe yanasimama. Mbithe anamwangalia Mhandisi Kimeu, anaangalia mawingu upande wa Mwingi. Kisha anainama, anaendelea kufukia.)