Malalamiko kuhusu gari ambalo sasa linaendeshwa

Kamembe, Agosti 1986

Maman Marguerite, mheshimiwa,

Mimi ni Sefu Nsengiyumva, fundi cherehani, niliyemuuzia mumeo, Papa Muderhwa, lile gari jekundu la mbio lenye siti mbili. Ninakuandikia wewe kwa sababu yeye hanisikii. Maman, mumeo analiendesha.

Najua umeshtuka. Mimi nilipomwona ilibidi nikae chini.

Gari lile ni la zamani, lakini kilomita zake zilikuwa chache kuliko za baiskeli ya katekista. Nilizitunza tangu ujana wangu. Siku ya kuliosha tulilisukuma mbele hadi uani, kisha tukalirudisha kinyumenyume, ili hesabu irudi ilipokuwa. Kila sikukuu nililishonea nguo ya kitenge yenye vifungo. Maharusi walikuja kupiga picha wakiliegemea. Nililiuza kwa kuwa cherehani ya pili ilikosa mahali, na roho iliniuma. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kulichukua nilikuwa nimetafuta wanaume wenye nguvu wa kulisukuma hadi kwenu. Papa Muderhwa akawasha injini mbele ya wageni! Na wale wanaume walikuwa wameshakula.

2. Ameonekana Giheke, gari lina matope hadi kwenye vioo, na kwenye siti ya abiria amekaa mbuzi. Nilipomuuliza kwa adabu alinijibu: "Mzee, hii ni motokari, haiko kabati." Kabati lina kosa gani? Kabati langu halijawahi kugonga mtu.

3. Sasa anavuka daraja kwenda Bukavu na kurudi, na kila safari anapoteza kile kile alichokinunua. Alinunua gari lililotembea kidogo. Akiendelea hivi, kufikia Noeli atakuwa na gari la kawaida, na watu watasema mimi ndiye niliyemtapeli. Hata watoto wa mtaa hawaliangalii tena, wanasogea kando tu lipite.

Kwa hiyo ninaomba umfiche ufunguo ndani ya unga. Akiupata, basi akitoka Bukavu arudi kinyumenyume hadi nyumbani, kilomita zipungue. Ikishindikana kabisa, nirudishieni gari langu. Cherehani nitaiweka chumbani, na mke wangu Nasiba atavumilia. Katika maisha yangu gari lile ndicho kitu pekee nilichokitunza kikabaki kipya, na inaniuma kukiona kikizeeka mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Nisalimie Papa Muderhwa, ingawa nimemkasirikia, nisalimie batoto na majirani wote, isipokuwa yule mbuzi.

Ni mimi, mwenye uchungu na heshima zote,

Sefu Nsengiyumva

N.B. Alhamisi mumeo alimkuta Nasiba njiani akampa lifti hadi Gitambi kwa dada yake. Amerudi kilemba kimelegea, anacheka peke yake jikoni, na amenipikia pilau siku isiyo ya sikukuu. Anasema kwenye kona za mlimani gari lile linaimba. Mimi sijawahi kulisikia likiimba. Maman, usifiche ufunguo. Mwambie Papa Muderhwa anipitie Jumapili, na tafadhali tuchukue njia ndefu.