Moyo wa Chura na Kopo la Chokaa

Jumatano, 2 Shaaban 1301

Leo nimeona ajabu, nami si mtu wa kushangaa ovyo. Nimefika Unguja mara mbili! Daktari Mzungu anayekusanya wapagazi wa kwenda bara ameniajiri kumkamatia vyura. Bagamoyo nzima, nani mwingine angeweza? Akautoa moyo wa chura, akautia katika bakuli la maji ya mvua yenye chumvi. Ukadunda, ukadunda, ukachoka. Kimya. Nikasema inna lillahi. Akadondosha maji ya chokaa, tone moja tu. Yallah! Moyo ukaanza upya, na chura mwenyewe hayupo!

Akasema chokaa ndiyo inayouamrisha moyo ukaze. Akawa anaendelea kueleza, lakini mimi nikishaelewa sipotezi wakati. Nikaaga.

Ijumaa, 4 Shaaban

Daktari anataka mnyapara wa kuongoza msafara. Tumebaki wawili, mimi na Ramadhan, mpagazi mwenye kifua kama mlango wa forodha. Kesho kila mmoja abebe mzigo wa frasila mbili hadi kijiji cha Zinga. Atakayetangulia ndiye. Na Biubwa, muuza vitumbua, keshaniambia waziwazi haolewi na mwanamume asiye na kazi. Basi hapo ndipo ilipo harusi yangu.

Baada ya sala nikamwomba shangazi Mgeni kopo lake la chokaa ya tambuu. Akauliza tangu lini natafuna. Nikamjibu hii ni elimu. Akanionya kwamba yeye mwenyewe hupaka kiasi cha ukucha tu, ikizidi inaunguza kinywa. Akina shangazi kwa hofu! Nimekoroga kopo zima katika kata ya maji.

Jumamosi, 5 Shaaban

Nimekunywa alfajiri. Astaghfirullah! Ulimi umewaka, ukavimba ukajaa kinywa. Nilitaka kumtambia Ramadhan, ikatoka sauti ya mbuzi. Naye maskini alikuwa hajala tangu jana. Nikamwonea huruma. Mimi moyo wangu una chokaa, chakula cha nini? Nikampa vitumbua vyote kumi alivyonifungia Biubwa vya njiani. Akala, akalamba vidole, akaniita ndugu yake.

Nilimtangulia, wallahi! Mpaka minazi ya kwanza. Kisha kizunguzungu, na mimi chini ya mzigo wangu kama kobe. Ramadhan akapita anaimba. Akafika Zinga, akatua mzigo, akarudi kunibeba. Mimi pamoja na mzigo wangu.

Jumapili, 6 Shaaban

Daktari amenikagua ulimi. Akasema ningengoja siku ile ningesikia yaliyobaki. Chokaa ya moyo ni kidogo sana, na mtu huipata katika maji ya kisima na dagaa anaokula. Ikizidi, moyo hukaza kama ngumi, usilegee tena. Na kila unapokaza unakula nguvu, na nguvu yenyewe inatoka katika chakula. Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Wasomi hawa hawakosi kuficha siri yao ya mwisho.

Jumatatu, 7 Shaaban

Msafara umeondoka, Ramadhan mbele. Alinipungia mkono nami nikafurahi kwa dhati. Vitumbua vyangu ndivyo vilivyoshinda!

Jioni Biubwa akaniletea uji uliopoa. Akaniita mjinga wa wajinga, kisha akasema mjinga anayemlisha mshindani wake hatamnyima mkewe. Tena anahitaji mtu wa kumtwangia mchele wa vitumbua, na kazi ni kazi. Nitaje siku ya harusi! Ila kwa sharti moja: niape kwamba sinywi chokaa tena. Nimeapa, kwa ulimi huu huu uliovimba.

Lakini jogoo wa Biubwa hajaapa chochote. Alhamisi anapambana na jogoo wa jirani yetu Mwinjuma. Nimemnywesha vijiko viwili vya maji ya chokaa, na ili awe mwepesi nimemnyima mtama.